Makumbusho huchaguaje picha za wapigapicha walio hai?

SWALI

Mimi ni mpigapicha, naishi Chumbageni, Tanga. Kinachonilisha ni harusi na mahafali, lakini tangu 2017 nimekuwa nikienda soko la samaki la Deep Sea alfajiri kuwapiga picha wavuvi, akina mama wanaopaa samaki na vijana wa baiskeli wanaosambaza samaki mitaani. Nina picha kama 4,000 kwenye diski. Rafiki yangu anasema makumbusho ya nje siku hizi yanatafuta sana picha za Afrika, na kuna mtu mtandaoni ameahidi kuziingiza zangu kwenye makumbusho ya Ulaya nikimlipa ada. Naomba kujua: makumbusho huchaguaje picha za watu ambao bado wako hai? Nani anaamua? Na mimi nianzie wapi?

JIBU

Ndugu yangu, tuanze na huyo anayetaka ada, maana hilo halisubiri. Usimlipe. Makumbusho hununua picha au huipokea kama zawadi. Mpigapicha halipii picha zake kuingia. Wapo mawakala wa halali na majumba ya kuuza sanaa, lakini hao hula kwenye mauzo, mara nyingi nusu kwa nusu, baada ya picha kuuzwa. Anayetaka hela mapema huku akitaja jina la makumbusho makubwa, mwombe namba ya usajili ya picha yoyote aliyowahi kuiingiza humo. Kila kitu kilichopokelewa rasmi kina namba hiyo, na makumbusho mengi makubwa yameweka orodha za mikusanyo yao mtandaoni. Utaitafuta mwenyewe kwa dakika tano.

Sasa swali lenyewe. Wengi hudhani kuna jopo la wajuzi wanaopanga picha kwa uzuri, kama kwenye mashindano. Mashindano hutafuta picha iliyofunika nyingine siku ile. Makumbusho hujiuliza jambo zito zaidi: tukiichukua hii, tutaitunza miaka mia, siku ambayo mpigapicha hayupo tena, tutaweza kumweleza mgeni picha hii ni ya nini, ni ya nani, imetengenezwaje na kwa nini iko kwetu? Picha nzuri sana zisizo na majibu ya maswali hayo hurudishwa kila mwaka. Ukilielewa hili, karibu kila ninachokueleza hapa chini utakiona kinatoka humo.

Ndani ya makumbusho, safari ya picha huanza na mtu mmoja, yaani mhifadhi anayeshughulikia picha. Yeye ndiye anayezunguka maonyesho, anayesoma barua, anayetembelea studio. Hana mamlaka ya kununua peke yake, ila bila yeye hakuna kinachosogea. Mkononi ana sera ya ukusanyaji. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, za 2004, zinataka kila makumbusho yawe na sera hiyo kwa maandishi: tunakusanya nini, cha wapi, cha kipindi gani, kwa njia gani. Makumbusho yanayokusanya historia ya bahari yanaweza kuikataa picha ambayo makumbusho ya sanaa yangeigombania. Kwa hiyo kabla hujatuma chochote popote, tafuta sera yao au omba uelezwe. Ukikataliwa kwa sababu ya sera, hukumu hiyo haihusu kazi yako.

Mhifadhi akivutiwa, huomba kuona picha zaidi, halafu nakala zilizochapwa. Kisha huandika hoja, kurasa mbili au tatu, akieleza kwa nini kundi hilo la picha lije kwao na si kwingine. Mtaalamu wa utunzaji huikagua nakala kwa taa iliyolazwa pembeni, inayoonyesha kila mkwaruzo, mkunjo na alama ya kidole. Msajili naye hupitia karatasi: nani mwenye picha, nani mwenye hakimiliki, ilifikaje mikononi mwa anayeitoa. Ndipo hoja huenda kwenye kamati ya upokeaji, inayokutana mara chache kwa mwaka, na kwa kitu cha bei kubwa hupanda hadi bodi. Ikipita, inasainiwa hati ya mauzo au ya zawadi, na picha hupewa namba. Tuseme 2025.14.1 hadi 2025.14.12: mwaka, kundi la 14 lililopokelewa mwaka huo, na vipande 12 vya kundi hilo. Kutoka barua ya kwanza hadi namba, mwaka mzima ni jambo la kawaida.

Sehemu nzito ya hoja ya mhifadhi huwa moja: picha hizi zinazungumza vipi na vitu ambavyo tayari tunavyo? Chukua mfano wa nyumbani. Picha za zamani za pwani yetu zilizoko Ulaya ni nyingi. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na kamera Afrika Mashariki kabla na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, picha zake zimo kwenye Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Katika picha nyingi za enzi ile mtu huandikwa kwa aina yake: askari, mpagazi, mwanamke wa pwani. Watu waliokuja Tanga kukata mkonge waliitwa manamba kwa sababu waliandikishwa kwa namba, na sura zao kwenye picha mara nyingi nazo hazina majina. Makumbusho yenye mkusanyo wa namna hiyo leo yana pengo ambalo mhifadhi makini analiona: kazi ya mikono ya Tanga, imepigwa picha na mtu wa Tanga, na waliomo wanajulikana kwa majina. Deep Sea yako inaweza kuliziba pengo hilo. Hiyo ni hoja inayosimama mbele ya kamati. Kwamba rangi za mapambazuko zimekaa vizuri kwenye maji, peke yake haisimami.

Wapo wapigapicha waliolifanya pengo lenyewe kuwa kazi yao. Sammy Baloji wa Lubumbashi, Kongo, katika msururu wake wa 2006 uitwao Mémoire, alichukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi wa enzi ya Wabelgiji akaziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyochakaa. Huhitaji kuiga mbinu hiyo. Ninachotaka ukione ni kwamba kazi yake inajua imetanguliwa na picha gani.

Jambo la pili ni msururu. Ni nadra makumbusho kuchukua picha moja ya mpigapicha wasiyemjua. Huchukua kundi: 5, 8, pengine 15. J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kupiga mitindo ya nywele ya wanawake wa Nigeria na akaendelea hadi zikakaribia picha 1,000. Nyingi zimepigwa kutoka nyuma ya kichwa, nyuma yake hakuna kitu cha kukuvuta macho. Ukiiona moja utasema ni msuko mzuri. Ukiziona ishirini ukutani unaanza kusoma ustadi wa wasusi, majina ya mitindo, na miaka inayopita ndani ya nywele. Nguvu hiyo imetokana na kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile kwa muda mrefu, na wewe muda huo unao tayari.

Kwa maoni yangu, katika yote uliyotaja, msururu wako wenye nguvu zaidi ni wa baiskeli. Wavuvi na ngalawa asubuhi vimepigwa picha na kila aliyepita pwani na kamera. Baiskeli ya samaki ya Tanga, yenye tenga kwenye keria na mfuko wa nailoni uliofungwa kuzuia maji ya barafu yasimwagikie mgongoni, ni kitu cha mji huu, na pikipiki zinaiondoa polepole. Kama unaye kijana uliyempiga 2017 akiwa na baiskeli na 2023 akiwa na pikipiki, umeshika kitu ambacho mpigapicha wa kupita wiki mbili hawezi kukipata kwa fedha yoyote.

Kutoka 4,000 kwenda 20 fanya hivi. Kwanza pitia zote kwenye kompyuta, haraka, ubaki na kama 300. Zisafishe zote kwa ukubwa mdogo wa sentimita 10 kwa 15 kwenye studio yoyote ya mjini, karatasi ya kawaida inatosha. Zitandaze kwenye mkeka. Ondoa kila picha inayosema kile ambacho jirani yake imekwisha kusema, hata kama unaipenda. Ukifika 60, pumzika wiki mbili usiziangalie. Kisha mwite mtu asiye mpigapicha, ikiwezekana mmoja wa wanaofanya kazi Deep Sea, umwombe aziangalie. Atakuonyesha makosa ambayo mhifadhi wa Ulaya hawezi kuyaona: huyu hapai samaki, amejifanya kupaa kwa sababu ya kamera, tenga hili halifungwi hivi. Picha ya kuigiza ikichanganywa na ya kweli bila kuelezwa, siku ikigundulika huuangusha msururu wote.

Usizigeuze picha za rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwa kudhani ndivyo makumbusho yanavyopenda. Zamani ilikuwa na ukweli fulani. Mpigapicha Mmarekani William Eggleston alipoonyesha picha za rangi MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1976, wakosoaji walimshukia vikali. Zama hizo zimepita. Ulipiga kwa rangi, basi rangi ni sehemu ya taarifa: buluu ya tenga la plastiki, nyekundu ya mashavu ya samaki ambayo mnunuzi huifunua kuangalia kama bado ni mbichi.

Sasa maelezo ya picha, na hapa naomba univumilie, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za Afrika zilipopotelea. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga maelfu ya watu wa mji kwa negativi za sentimita 13 kwa 18. Mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, ziliandikwa kuwa ni za mpigapicha asiyejulikana. Mwenyewe alikuwa hai, yuko Bamako. Alitafutwa, akapatikana, na 1994 akafanyiwa maonyesho ya peke yake Paris, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier. Leo ni miongoni mwa wapigapicha wa Afrika wanaojulikana zaidi duniani. Lakini wengi wa waliokaa mbele ya kamera yake, waliochagua nguo, saa na redio ya kushika, majina yao hayajapatikana hadi leo.

Kwa hiyo, picha ya mama aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa usiiandike "Muuza samaki, Tanga". Andika hivi: jina lake kamili kama anavyolitaja mwenyewe, anapaa changu wa mteja, soko la samaki la Deep Sea, Tanga, tarehe, mwezi, mwaka, saa. Halafu sentensi moja au mbili za unachokijua na ambacho picha haikisemi: kwamba kisu chake kimetengenezwa kwa kipande cha msumeno na mpini wa mpira wa tairi, kwamba hulipwa kwa kilo au kwa fungu, kwamba magamba huchukuliwa na nani. Fomu ya makumbusho ina nafasi ya maelezo hayo. Isipojazwa na wewe, itajazwa na mtu wa mbali kwa kubahatisha.

Kuhusu saa, angalia mtego mmoja. Kamera yako inaandika 06:40 ndani ya faili, wewe kwenye daftari umeandika saa 12:40 asubuhi. Kwetu ni kitu kimoja. Kwa msajili wa nchi nyingine ni picha mbili tofauti. Chagua namna moja ya kuandika, uieleze juu ya orodha. Kagua pia kama saa ya kamera ilikuwa sahihi. Kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani betri ikikaa nje muda mrefu, na utakuta nusu ya picha zako za 2019 zinadai zilipigwa mwaka ambao ulikuwa bado shule.

Tuje kwenye nakala, maana makumbusho hayanunui faili peke yake. Kwa kawaida hununua picha iliyochapwa, na faili huja kama nyongeza ya usalama. Kamera ya pikseli milioni 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, unapata sentimita 51 kwa 34 bila kulazimisha. Ukubwa huo unatosha kabisa. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hushushwa hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu, sawa na sentimita 13 na nusu. Kama faili asilia ulifuta kupata nafasi na kilichobaki ni kile ulichotumia watu kwa simu, picha hiyo kwa makumbusho ni kumbukumbu tu. Tunza faili ghafi za kamera, usiandike mabadiliko juu yake. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Diski moja yenye miaka yote ya kazi, kwenye nyumba ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ni hatari ambayo hupaswi kuibeba hata mwezi mmoja zaidi.

Usichape kubwa kabla ya kuombwa. Chapa 20 zako kwa ukubwa wa A4, vizuri, uwe nazo za kuonyesha. Ikifika siku ya nakala ya makumbusho, itakayotakiwa mara nyingi ni ya wino wa pigimenti, yaani wino wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, nzito, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Printa nyingi za bei nafuu hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka, ambao hupauka upesi kwenye mwanga na huchuruzika ukipata unyevu. Muulize mwenye printa jina kamili la wino na la karatasi, uyaandike. Swali la kwanza la mtaalamu wa utunzaji litakuwa hilo, na "ilichapwa mjini" si jibu linalomsaidia.

Acha ukingo mweupe wa sentimita 3 hadi 5 pande zote ili mtu ashike bila kugusa picha. Saini kwa penseli laini, nyuma, kwenye ukingo. Biki hukandamiza karatasi na wino wake huvuja kupitia upande wa pili kadiri miaka inavyopita. Chapa ya studio yako iliyo kwenye kona ya kila picha, ile yenye namba ya simu, iondoe. Kwenye harusi inakuletea wateja, kwa makumbusho ni mwandiko juu ya kazi. Na usipige laminesheni. Najua huku pwani watu hupiga laminesheni ili picha isiharibiwe na unyevu, lakini gundi ya ile nailoni huyeyushwa kwa joto na kushikamana na uso wa picha moja kwa moja; haitoki tena, na unyevu uliofungiwa ndani unaendelea kula. Vivyo hivyo selotepu na zile albamu zenye kurasa za kunata.

Hali ya hewa ya Tanga yenyewe ni ya kupigana nayo. Picha hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Ukipita 65, ukungu huanza kuota, na kwetu miezi mingi ya mwaka hewa iko juu ya hapo. Umeona picha za zamani majumbani zilizonata kwenye kioo cha fremu, ukijaribu kuibandua sura inabaki kiooni? Uso wa picha za zamani ni jelatini, ambayo ikipata unyevu hulainika na kushika kioo kama gundi. Ndiyo maana kati ya kioo na picha lazima pawe na kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, angalau milimita 2, ili visigusane. Nakala zako ziweke kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri, lile lenye alama ya 5 kwenye pembetatu, pamoja na nusu kilo ya jeli ya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 uirudishe. Sanduku lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa na mafuriko, wala lisiegemee ukuta wa nje. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana karatasi hutanuka na kunywea kila siku hadi ipasuke uso. Hata makumbusho yenye uwezo huzionyesha picha za rangi kwa mwanga hafifu wa lukisi 50 hivi, kwa miezi 3 au 4, kisha huzirudisha gizani. Makumbusho yakikukatalia kwa kusema hayana ghala la kutunza picha za rangi, yanasema kweli, na yanakutendea haki.

Picha inaweza kuchapwa mara elfu, kwa hiyo makumbusho hutaka kujua zipo nakala ngapi. Uamuzi huo ni wako, uufanye mapema: nakala 5 za kuuza na 2 za msanii kubaki nazo, kwa ukubwa fulani, ni mpangilio wa kawaida. Andika kwenye hati ya kila nakala ukubwa kwa sentimita, aina ya wino na karatasi, mwaka picha ilipopigwa, mwaka nakala ilipochapwa, na namba yake, kama 2/5. Andika pia kama unajiachia haki ya kuchapa ukubwa mwingine baadaye. Mwaka 2012 mkusanyaji mmoja alimshtaki Eggleston huyo huyo New York kwa kuchapa upya, kwa ukubwa mwingine na wino wa kisasa, picha ambazo yeye alizinunua kama za idadi maalumu. Mahakama ilitupa kesi 2013, lakini mstari mmoja wa maandishi tangu mwanzo ungezuia ugomvi wote. Bei kwa makumbusho huwa na punguzo, asilimia 10 hadi 20 ni la kawaida.

Kuuza nakala si kuuza hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inakulinda bila kujali nakala iko wapi. Makumbusho yatakuomba ruhusa ya kuonyesha, kuchapa kwenye vitabu vyao na kuweka kwenye tovuti. Hiyo wape, kwa maandishi, bila kuwa ruhusa ya pekee, yaani ubaki huru kuwaruhusu na wengine. Ukiona neno la kuhamisha haki zote, rudisha karatasi uombe lirekebishwe. Kama baadhi ya picha ulipiga ukiwa umeajiriwa au umelipwa na shirika, soma mkataba ule kwanza. Huenda si zako kuzitoa. Na zile zilizopigwa ndani ya maeneo yanayolindwa ya bandari bila kibali, ziache nje ya msururu.

Ridhaa ya waliomo kwenye picha sasa ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na makumbusho ya Ulaya yana sheria zao. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi: picha itaonyeshwa, itawekwa kwenye kitabu, itawekwa mtandaoni, ndiyo au hapana kwa kila moja. Kwa mtoto anasaini mzazi. Asiyependa kuandika, mrekodi sauti akisema jina lake na kukubali, sauti iwekwe pamoja na faili ya picha. Mpe kila mmoja nakala ya picha yake. Picha ya mtu aliyekataa itoe, hata iwe ndiyo bora kuliko zote.

Nianzie wapi, umeuliza. Anzia hatua chache kutoka ulipo, kwenye Makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Tayari yanaonyesha picha za kale za mji, na hakuna mahali ambapo picha zako zitasomwa kwa ukaribu zaidi, maana wageni watawatambua shangazi zao. Wape kundi dogo la nakala 10, zawadi, kwa hati iliyosainiwa pande zote mbili. Kisha Dar es Salaam, Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Picha iliyokwisha kupokelewa nyumbani, kwa namba na hati, hubadilisha pia namna mhifadhi wa mbali anavyoisoma barua yako.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: ni nini, wapi, tangu lini hadi lini. Aya ya pili: kwa nini unaona inawafaa wao, ukitaja kitu walicho nacho. Ambatisha picha 15, si 50, kila moja pikseli 2,000 kwa upande mrefu, zenye majina ya faili yanayofuata orodha ya maelezo. Usitume kiungo cha folda yenye kila kitu. Usipojibiwa kwa miezi mitatu, kumbusha mara moja, kwa heshima, kisha endelea na wengine.

Kabla ya barua yoyote, wiki hii, chapa zile ndogo za 2017 na 2018 uende nazo Deep Sea saa za kupumzika, samaki wakishaisha. Waulize walio kwenye picha majina yao, na ya wale waliohamia Pangani au Moa na hawaonekani tena. Yaandike kwa penseli nyuma ya kila picha, pamoja na jina la aliyekuambia.